Anayechekwa Si Andy

Tangu itoke Agosti 2005, filamu ya The 40-Year-Old Virgin imetembea na sifa moja: kwamba ni kichekesho cha matusi kuhusu bwege wa miaka 40 ambaye hajawahi kulala na mwanamke, na kwamba utamu wake wote ni kumcheka bwege huyo mpaka apate dawa ya ubwege wake kitandani. Wanaoipenda husema hivyo wakikenua meno. Wanaoichukia husema hivyo hivyo wakiwa wamekunja uso. Kambi hizi mbili zinagombana kama kicheko hicho ni halali au haramu, ila hakuna inayouliza anachekwa nani, kwa kuwa zote zinadhani jibu linajulikana. Hapo ndipo zilipokosea. Filamu hii haimcheki Andy Stitzer kwa kukosa uzoefu. Inawacheka wenye uzoefu waliojipa kazi ya kumfundisha, na maradhi inayoyatibu kwa Andy ni kuficha, wala si ubikira. Anayeitazama bila kulishika hilo atacheka mahali pasipostahili, au atakasirika bure.

Kosa lenyewe halikuzuka hewani. Jina la filamu linamtaja mtu kwa upungufu wake. Tangazo lake lilimweka Steve Carell, anayemwigiza Andy, peke yake mbele ya ukuta wa rangi ya chungwa, nywele zimechanwa vizuri, macho juu, na tabasamu la mtoto anayepigwa picha ya shule. Wazo la filamu Carell alilipata enzi zake Second City, kundi la wachekeshaji la Chicago: wanaume wanacheza karata huku wakisimuliana mambo ya chumbani, na mmoja wao hawezi kwenda nao sambamba kwa sababu hajui wanachokisema. Akalikuza pamoja na Judd Apatow, ambaye alikuwa anaongoza filamu ndefu kwa mara ya kwanza. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 26, na mapato ya dunia nzima yakapita dola milioni 170. Waliohusika wamesimulia kwamba mwanzoni mwa kazi wakubwa wa studio ya Universal walisimamisha upigaji picha kwa muda, kwa kuwa Carell, kwa unadhifu na upole wake, alionekana kwao kama muuaji. Kisa hicho kina funzo. Mwanamume wa makamo anayeishi peke yake, jicho la kawaida limemwandalia nafasi mbili tu: kama si bwege, basi ni mtu wa hatari. Shaka hiyo hiyo imo ndani ya filamu, kinywani mwa mfanyakazi mwenzake Andy, na inachekesha kwa sababu sisi tunamjua anayeshukiwa. Ni mtu aliyemaliza wikiendi akitengeneza saladi ya mayai, anayekwenda kazini kwa baiskeli kusini mwa California ambako kila mtu ana gari, na ambaye jioni zake huzimaliza akitazama kipindi cha televisheni cha Survivor na majirani zake wazee.

Tuitazame meza ya karata kwa karibu, kwa maana hoja yote imelala pale. Andy anafanya kazi katika duka la vifaa vya elektroniki, upande wa stoo, na wenzake David, Jay na Cal wanamkaribisha mchezoni kwa sababu tu wamepungukiwa na mchezaji. Mazungumzo yanageukia wanawake. Kila mmoja anatoa kisa chake, na kila kisa kimetiwa chumvi kuliko kilichotangulia. Zamu ya Andy inapofika, anajikakamua naye atoe chake, na katika kusifia kifua cha mwanamke anakifananisha na mfuko wa mchanga. Meza inanyamaza. Watazamaji wengi husimulia kipande hiki kama kichekesho cha mtu asiyejua. Lakini hebu tuwaulize wale wengine: nani kati yao ametakiwa ushahidi? Hakuna. Katika meza ile kila mtu anatia chumvi, na Andy anashikwa kwa sababu tu hana mazoezi ya kutia. Kisa chake kimekosa ufundi, na ufundi huo ndio kiingilio pekee cha meza. Filamu inafunguka, basi, kwa kutuonyesha baraza la wanaume ambalo uzoefu wake hauthibitishwi popote isipokuwa mdomoni. Wahenga walishasema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na dakika zinazobaki za filamu zinakwenda kuligonga kila debe ili tusikie lina nini ndani.

Ndani hamna kitu. David, mwenye kujifanya mjuzi wa mambo ya moyo, bado anamlilia Amy, mpenzi waliyeachana zamani baada ya uhusiano wa muda mfupi. Hamtoki akilini dukani wala nje ya duka, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo anavyozidi kuchanganyikiwa, hadi yeye mwenyewe anaapa kuachana kabisa na mambo ya wanawake. Jay, anayetoa hotuba ndefu za jinsi ya kumpata mwanamke yeyote, hawezi kuwa mwaminifu kwa yule aliye naye, na mwanamke huyo anapochoka, maneno yote ya Jay yanakauka. Cal naye ana mbinu moja: Andy asijieleze, aulize maswali tu, tena kwa sauti ya chini kama David Caruso katika filamu ya Jade. Yaani somo la uanaume linalotolewa hapa limeokotwa kwenye filamu ya 1995 ambayo yenyewe ilianguka vibaya sokoni. Nyani haoni kundule, na hawa ni nyani watatu waliofungua chuo. Waandishi wangetaka kumcheka Andy wangewapa walimu wake maisha yaliyonyooka, ili tofauti kati ya ujuzi wao na ujinga wake ionekane wazi. Wamefanya kinyume. Kwenye kundi lile mtu pekee anayelala usingizi wake vizuri ni yule anayesemekana kuwa na tatizo.

Tufuate sasa ushauri wenyewe na matunda yake. Jay anamwelekeza awinde wanawake waliolewa, na Andy anajikuta ndani ya gari la Nicky, ambaye yu chakari, linaloyumba barabarani nusura limuue. Safari inaishia kwa yule mwanamke kumtapikia usoni. Wanampeleka akang'olewe manyoya ya kifua kwa nta ili apendeze. Nta ile ilikuwa ya kweli na manyoya yalikuwa ya Carell mwenyewe, hata wenzake waliosimama pembeni walicheka kicheko ambacho hawakukiigiza. Anatoka pale na viraka vya ngozi nyekundu katikati ya manyoya, kazi ikiwa imeachwa nusu kwa sababu ameshindwa kuvumilia. David anamletea sanduku zima la picha za ngono, eti zimfungue macho. Hilo sanduku tulishike vizuri, maana waandishi hawakuliweka kwa bahati nasibu. Linakaa nyumbani kwa Andy hadi karibu na mwisho, ambapo Trish, mwanamke anayempenda, analikuta pamoja na vikorokoro vingine ambavyo si vya Andy kwa asili, na kwa mara ya kwanza anamwogopa. Mtu ambaye kwa miaka 40 hakumtisha mwanamke yeyote anakuwa wa kutisha kwa siku chache alizokuwa chini ya walimu. Kisa kizima kimepangwa hivyo: kila baya linalompata Andy lina jina la mshauri nyuma yake.

Jema linalompata halina mshauri. Trish, anayeigizwa na Catherine Keener, ana duka ng'ambo ya barabara la kuwauzia watu vitu vyao katika mtandao wa eBay. Namba yake ya simu Andy anaipata katika maongezi ya kawaida, bila mbinu ya Jay wala sauti ya Caruso. Wanakubaliana wasilale pamoja mpaka watoke mara 20, na makubaliano hayo yanampa Andy raha ambayo hakuwahi kuijua, kwa sababu anaruhusiwa kumjua mtu bila mtihani. Kinachowagombanisha ni siri. Trish anapomsogelea, Andy anakimbia. Trish anapouliza sababu, Andy anazusha ugomvi mwingine. Trish anaona mwanamume asiyemtaka, kisha anaona mwanamume asiyeeleweka, na ukweli ambao ungemaliza yote kwa sentensi moja umefungiwa kooni. Mficha uchi hazai. Siku siri inapomtoka, Andy yuko chini barabarani baada ya kuanguka na baiskeli akimkimbilia, na Trish anashangaa kwamba jambo lenyewe ni hilo tu. Kwake halina uzito. Jambo ambalo baraza la karata lililipa uzito wa dunia, mhusika pekee mwenye haki ya kulipima analipima na kuona ni jepesi. Kisha tunaona harusi, na baada ya harusi chumba chao cha usiku wa kwanza. Tendo lililosubiriwa filamu nzima linapita kwa utani wa dakika moja, linarudiwa, halafu wahusika wote wanatoka kuimba na kucheza juani. Muda waliopewa wapenzi kitandani ni mfupi kuliko uliopewa nta kifuani. Filamu inayoamini kwamba ngono ndiyo dawa isingeigawa saa yake namna hiyo.

Pingamizi la kwanza linahusu lugha. Kwamba filamu hii imejaa matusi hakuna anayeweza kubisha. Nchini Marekani ilipewa alama ya R, na si ya kutazamwa sebuleni mbele ya wakwe. Lakini ukali wa tusi hautuambii tusi linafanya kazi gani. Hesabu nani anatukana. Maneno machafu yamerundikana kwa wale ambao mambo yao yameharibika, na yanapungua kadiri tunavyomsogelea mtu mwenye amani. Andy anatukana hasa pale nta inapong'olewa, na hata hapo, katikati ya maumivu, anachomoa jina la Kelly Clarkson, mwimbaji, kana kwamba akiba yake ya matusi imemwishia. Akiwa na Trish anaongea kama mtu mstaarabu, na mapenzi yake hayakupungua utamu kwa hilo. Uchafu wa lugha, kwa hiyo, ni kipimo cha umbali wa mtu na kile anachokizungumzia. Msomaji ana haki ya kusema kwamba somo hilo lingeweza kufundishwa kwa maneno machache ya chooni, nami sitambishia. Asichoweza kusema ni kwamba filamu inayasifu maneno hayo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyepata mke, amani wala heshima kwa kuyatumia.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Wapo wanaosema kwamba ukiyakwangua matusi utakuta mahubiri: mwanamume anangoja, anaoa, ndipo analala na mkewe, basi ni filamu ya wahafidhina iliyovaa suruali ya wahuni. Hoja hii ni kali kuliko ya kwanza kwa sababu inauheshimu mpangilio wa hadithi. Hata hivyo inamsahau Trish. Trish ana watoto, na licha ya umri wake usio mkubwa ameshakuwa bibi. Mahubiri ya kujizuia yangemfanya ajute, au angalau yangemwonyesha Andy akimsamehe. Hakuna majuto wala msamaha, kwa kuwa hakuna kosa. Tena binti wa Trish, Marla, anapozozana na mama yake juu ya mambo haya, Andy mwenyewe ndiye anayemsindikiza kwenye kituo cha ushauri wa uzazi wa mpango, akae asikie maelezo ya wataalamu pamoja na wengine. Mhubiri hampeleki mtoto huko. Filamu inawaweka pamoja mwanamume asiyejua na mwanamke anayejua, na haimpi mmoja wao nafasi ya kumhukumu mwenzake. Kungoja kwa Andy hakukuwa ushujaa na uzoefu wa Trish haukuwa dhambi. Hao ni watu wawili waliofika mahali pamoja kwa njia tofauti, na mkutano huo unawanyima ushindi wahuni na wahubiri kwa pamoja.

Pingamizi la tatu lina ukweli ndani yake, na atakayelikataa lote atakuwa mwanasheria badala ya mhakiki. Utani wa David na Cal kuhusu mashoga, wanaorushiana huku wakicheza gemu ya video, ulikuwa mwepesi mwaka 2005 na sasa umechacha. Wafanyakazi wa asili ya Asia dukani wamechorwa kwa kalamu nene, ingawa mmoja wao, mzee Mooj, mwenye mdomo mchafu kupita wote, ndiye anayemwambia Andy kwamba haya yote ni suala la upendo na watu kuungana. Halafu kuna vikaragosi. Andy ana mkusanyiko mkubwa wa vinyago vya kuchezea ambavyo havijawahi kutolewa kwenye maboksi yake, na njia yake ya kuwa mtu mzima inapitia kuviuza, kwa jumla ya kama nusu milioni ya dola. Hapa filamu imesitasita. Katika ugomvi wao mkubwa Andy analalamika kwamba Trish anataka kumbadilisha, na lalamiko hilo lina haki. Kisha hadithi inamwambia auze tu, na kumlipa vizuri ili asilalamike tena. Huo ni udhaifu wa kweli, kwani mtu aliyeishi vizuri peke yake hapaswi kulipia ndoa kwa kukana alichokipenda. Lakini tazama udhaifu huo unasaidia hoja ya nani. Kama kuna kitu kinachodaiwa kumkomaza Andy, basi ni kuachana na maboksi yale, na hilo linafanyika kabla ya harusi. Hata pale filamu inapokosea, haikosei kwa namna inayosingiziwa.

Wanaodhani kwamba nasoma mno katika komedi ya kihuni wamtazame ndugu yake mkubwa. Mwaka 1955 ilitoka Marty, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky na kuongozwa na Delbert Mann, kuhusu muuza nyama wa Bronx mwenye miaka 34, mnene, mpole, anayeishi na mama yake na kukataliwa na kila msichana. Ernest Borgnine alimwigiza. Marty anakutana na Clara, mwalimu mwenye haya kama yeye, wanaongea usiku kucha, na kesho yake marafiki wanamwambia kwamba msichana yule ni mbaya wa sura, naye anakaribia kumwacha kwa sababu yao. Mwisho anawageuzia mgongo na kuingia kwenye kibanda cha simu kumpigia. Filamu ile haina tusi, na ilipata Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora, pamoja na Palme d'Or ya Cannes. Hakuna aliyewahi kusema kwamba inamcheka muuza nyama. Sasa iweke kando ya ile ya Apatow: mwanamume mpole, mwanamke anayeelewana naye bila juhudi, na kundi la marafiki ambao ushauri wao ndio kikwazo. Mifupa ni ile ile. Kisha ilinganishe na American Pie ya 1999, ambamo vijana wanne wa sekondari wanaapa kuacha ubikira kabla ya kumaliza shule. Kule kundi ndilo linaloweka lengo, na hadithi inakimbia kulifikia. Apatow na Carell walivaa nguo za American Pie wakaingia nyumbani kwa Marty, na wakosoaji wengi wakaishia kutazama nguo.

Suala hili linatuhusu hata sisi ambao hatukai California, kwa kuwa meza ile ya karata ipo kila kijiwe. Kijana wetu asiyejua kutongoza hupewa jina la domo zege na kuzungukwa na walimu wasio na vyeti. Jandoni, kwa kasoro zake zote, aliyefundisha alikuwa mtu mzima anayejulikana kwa jina na ukoo, na fundisho lake likimharibia mtu maisha, palikuwa na wa kuulizwa. Kijiweni hakuna wa kuulizwa. Anayemshauri kijana awe na wanawake watatu hatakuwepo siku mmoja atakapolia, na anayemcheka kwa kungoja ana yake nyumbani ambayo hawezi kuyasimulia. Tena desturi zetu zimempima bibi harusi kwa kungoja na bwana harusi kwa kutongoja, kisha tukashangaa kuona watu wawili wanaingia ndoani kila mmoja akiwa na cha kuficha. Filamu ya Apatow haikutengenezwa kwa ajili yetu na haina haja ya kutufundisha mila. Inaonyesha tu kwa uwazi usio wa kawaida gharama ya uongo ambao wanaume hudaiana ili waketi meza moja.

Basi anayetaka kuichukia The 40-Year-Old Virgin aichukie kwa utani wake uliochacha na kwa nusu milioni ile iliyonunua ukimya wa Andy. Hizo ni sababu halali. Asiichukie, wala asiipende, kwa kudhani kwamba inamdhihaki mtu ambaye hajui. Hukumu yake iko wazi kwa kila anayehesabu nani kapata hasara kwa neno la nani: asiyejua lolote alioa kwa furaha siku alipoacha kudanganya, na waliojua kila kitu hawakuwa na neno hata moja la kumfaa. Anayemcheka kijana wa namna hiyo, aanze kwa kumweleza ukweli wa nyumbani kwake mwenyewe, akishindwa, anyamaze.